Kilichobaki Kwenye Diski D

Zaina mwanangu,

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba dirisha likifungwa, kilichokuwa ndani kimeondoka. Wanasoma barua yao kwenye mashine, wanabonyeza ile alama ya msalaba pembeni, ukurasa unatoweka, wanashukuru, murakoze, wanaenda zao. Mimi niliyefundisha hesabu miaka kumi na saba nililifanya kosa hilo vibaya kuliko wao. Wao hawakujua. Mimi nilijua, na nilikuwa nalipwa kwa kujua.

Nakuandikia alasiri hii wakati umekwenda kuwaaga shangazi zako. Habari za chakula, shuka na watu wa kuepuka kwenye kituo cha magari mama yako amekwisha kuzisema mara tatu, nami nimemsikia. Sitazirudia. Kesho jeshi likiifungua barabara utapanda gari kwenda Bujumbura, na baada ya siku chache utakabidhiwa chumba chenye mashine kumi na mbili, ambapo watu wa mtaa wa Buyenzi watakuja kusoma habari za ndugu zao waliotawanyika. Kabla hujakaa kwenye kiti kile, nataka ujue jambo ambalo baba yako alilifanya kwenye kiti kama hicho. Nimelificha miaka miwili. Nikilikumbuka naona kinyaa, na sehemu kubwa ya kinyaa hicho ni juu yangu mwenyewe.

Unakumbuka shule ilipofungwa kwa sababu ya vita. Nusu ya wanafunzi walikuwa wamevuka ziwa, na walimu waliobaki tulikuwa tunakaa darasani kama watu waliosahau kushuka garini. Ndipo nikafungua sekretaria yetu pale karibu na soko: mashine mbili za mtumba, fotokopi moja, na laini ya simu iliyokatika kila ilipotaka. Ukurasa mmoja wa gazeti uliweza kukuacha uende kununua maandazi, urudi, ukute picha ya waziri imeshuka mpaka kwenye nyusi tu.

Nikatafuta ufumbuzi, na nikaupata, na nikajivuna. Wewe unaijua kazi hii, lakini acha nieleze kama kwamba huijui, kwa sababu hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa. Kivinjari hakikuonyeshi ukurasa kule uliko. Kinaleta nakala yake, kinaiweka kwenye folda moja ndani ya mashine, halafu kinakuonyesha nakala hiyo. Vilevile barua. Ukiulizwa kama unataka kulihifadhi faili au kulifungua tu, ukachagua kulifungua tu, unadhani hukuhifadhi kitu. Limehifadhiwa. Limekwenda kwenye folda ile ile ya mafaili ya muda, likapewa namba moja ndani ya mabano mwishoni mwa jina lake, likakaa. Jina linasema ya muda, lakini muda huo hakuna aliyeupima.

Diski C, ile hifadhi kuu ya mashine yetu ya pili, ilikuwa ndogo na imejaa. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaihamishia folda diski D, hifadhi ya pili ya mashine hiyo hiyo, nikaipa nafasi kubwa kuliko ilivyohitaji. Tangu siku hiyo, ukurasa uliofunguliwa asubuhi na mteja mmoja uliweza kusomwa mchana na mwingine bila kupiga simu popote. Watu wakaupa utaratibu huo jina, gazeti la jana. Walikuja wauza mafuta ya mawese, walikuja vijana wa mpira, wakikuta laini imekufa wanasema, "Si neno, Mwalimu, tupe la jana."

Wakati folda ilipokuwa bado diski C, nilikuwa nimeandika programu fupi ya mistari mitatu, ile tunayoiita fagio. Jioni tukifunga, unalibonyeza, linakwenda kwenye folda na kufuta kila kitu. Nilipoanza gazeti la jana nikaamua fagio lipite Jumamosi tu, ili kurasa zidumu wiki nzima. Na kila Jumamosi lilipita, likaandika kwenye kioo kwamba kazi imekwisha. Lakini mstari wa pili wa fagio ulisema C. Niliihamisha folda, nikasahau kulihamisha fagio. Likawa linafagia chumba kitupu, na mimi nasoma "kazi imekwisha" na kufunga mlango kwa amani.

Sasa nikuambie habari za Déo. Unamfahamu, yule wa shati lililopigwa pasi hata siku zisizo na umeme. Alikuja siku moja simu zote za Rumonge zikiwa zimekufa, akasoma habari za mpira wa Ulaya kuanzia mwanzo hadi mwisho, akanigeukia.

"Mwalimu, hii mashine iko na akili kuliko mukubwa wa zone. Simu imekatwa tangu juzi, nayo inasoma. Huo ni uchawi?"

"Si uchawi, Déo. Ni folda."

"Folda iko wapi?"

Mwanangu, mimi nilivuta kiti. Miezi minane sikuwa nimesimama mbele ya mwanafunzi, na hapa palikuwa na mtu mzima aliyetaka kuelewa. Nikamwonyesha njia ya kufika, nikamwonyesha safu za majina, safu ya anwani, na safu ya mwisho inayoonyesha siku faili lilipofunguliwa mara ya mwisho. Nikamchorea nyuma ya karatasi iliyoharibika. Aliuliza maswali mazuri, ya mtu anayefuatilia.

"Na barua za watu, Mwalimu? Nazo zinapita humu?"

"Kila kinachofunguliwa kinapita humu. Lakini Jumamosi fagio linapita."

Akacheka. "Basi mimi nije kabla ya fagio."

Nami nikacheka. Nikikumbuka kicheko changu kile, namna kilivyotoka kwa raha, mate yananijaa mdomoni kama ya mtu anayetaka kutapika.

Mama Feruzi alikuwa anakuja Jumanne. Unamjua kwenye meza yake ya samaki, ya ndagala, lakini hukujua kwamba alikuwa mteja wangu wa kwanza wa barua. Mwanawe Feruzi alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi ng'ambo, upande wa Kigoma, na huko kulikuwa na mtu aliyemwandikia kwenye mashine na kuituma barua kama faili. Mama Feruzi hasomi. Alikuwa anakaa karibu yangu, ananuka samaki mkavu na sabuni, anaweka mikono mapajani kama mtu aliye msikitini.

"Amahoro, Mwalimu. Iko barua yangu leo?"

"Iko, mama."

"Soma polepole. Usiruke. Wewe unapenda kuruka salamu, na salamu ndizo zangu."

Jumanne moja nilisoma salamu zote, kwa kila jina. Kisha Feruzi alieleza kwamba anakuja kumchukua mama yake. Mashua itamleta mpaka karibu na Magara, pale atahamia kwenye chombo cha mvuvi mmoja wanayefahamiana, na asubuhi vyombo vya usiku vikirudi na ndagala atashuka pamoja na wavuvi, kofia kichwani, kapu mkononi. Mama aje na beseni lake kama mnunuzi mwingine yeyote. Alitaja siku. Alitaja jina la mvuvi.

Mama Feruzi alinishika mkono. "Tumesoma watu wawili tu, Mwalimu."

"Wawili tu, mama." Nikaifunga. Nilimwonyesha kwamba nimeifunga, kioo kikabaki cheupe, naye akatikisa kichwa kuridhika.

Jumapili asubuhi alikuwa Magara na beseni. Alichokiona alinisimulia mwenyewe, nami nitakupa kidogo tu. Wanunuzi walikuwa wengi, wanapiga kelele za bei. Katikati yao walikuwapo wanaume wanne wasio na mabeseni. Chombo kilipogusa mchanga hawakuuliza nani ni nani. Walimwendea yule mwenye kofia na kapu, wakamwita kwa jina lake kamili, na la baba yake. Feruzi alimtazama mama yake mara moja tu, kisha akageuza uso ili asimfichue. Wakampandisha garini. Yule mvuvi walimchukua pia. Hakuna aliyerudi, na mpaka leo hakuna aliyetuambia walikopelekwa. Kwa nani? Sijui. Wakati ule pande zote mbili za vita zilitaka vijana, na pande zote mbili zilikuwa na watu wa kuziuzia habari.

Siku ya pili alikuja sekretaria. Hakukaa.

"Mwalimu, barua ile tuliisoma wangapi?"

"Wawili, mama."

"Mimi sikusema. Hata dada yangu sikumwambia. Basi?"

Nilianza kumweleza kuhusu yule mvuvi, kwamba huenda alikuwa na mdomo, kwamba kambini pia kuna masikio. Mimi mtu wa kueleza, nilieleza vizuri sana. Nilimchafua mtu ambaye alikuwa amepakiwa gari moja pamoja na Feruzi. Alinisikiliza, akaondoka.

Alipoondoka ndipo nikakumbuka kicheko cha Déo. Nikafunga mlango, nikafungua diski D. Mwanangu, unajua lile shimo nyuma ya mitambo ya mawese, wanakomwaga maji meusi, na juu yake kuna utando uliotulia mpaka mtu anaweza kudhani ni ardhi? Ndivyo ilivyokuwa. Miezi yote ilikuwa pale. Kurasa za mpira, naam, lakini katikati yake zilikuwamo barua za wake kwa waume, picha ya harusi iliyotumwa kutoka Bukavu, majibu ya vipimo vya damu vya mtu anayetusalimia kila siku, ombi la kazi, picha ya kitoto kilichovikwa sanda ili babake aliye mbali akione. Vyote vimerundikana kama matumbo ya samaki pale ufukoni wanapoparua. Na Rumonge nzima ilikuwa imeniamini kwamba ninasafisha.

Faili la Feruzi lilikuwapo, na namba yake ndani ya mabano. Mimi na mama yake tulilisoma Jumanne. Safu ya mwisho ilisema Alhamisi.

Alhamisi mashine ile ilikaliwa na watu watatu. Wawili ni wanafunzi wangu wa zamani waliokuwa wanaandika wasifu wao kwenye mashine, na niliwasimamia muda wote. Wa tatu umeshamkisia.

Sasa nakuambia lile ambalo hata mama yako halijui. Ilipasa nifute hapo hapo. Sikufuta. Nilikaa mpaka saa ya chakula nikifungua faili moja baada ya jingine. Nilijiambia natafuta mengine aliyoyasoma Déo, ili niwaonye wenyewe. Labda kwa mafaili matano ya kwanza hiyo ilikuwa kweli. Baadaye nilikuwa nasoma tu. Nilisoma barua ya mwanamke akimlilia mtu ambaye si mume wake. Nilisoma vile vipimo. Nilipoinuka nilikuwa nanuka jasho la mtu aliyechungulia bafu la jirani, na kati yangu na Déo niliona tofauti moja tu: yeye alikuwa na mnunuzi.

Nikafuta. Nikairudisha folda diski C, nikaipunguza mpaka ikawa ndogo kabisa, nikalipangia fagio lipite kila jioni. Gazeti la jana likafa.

Déo alikuja Jumatano, akafungua, akatazama.

"Mwalimu, leo la jana liko tupu?"

"Liko tupu."

"Pole," akasema, akatabasamu kama mtu aliyekuta duka limefungwa. Akaomba fotokopi mbili. Nikamtolea. Nikamwambia karibu tena. Ulikuwa nje na wadogo zako, Zaina, nilikuona kupitia dirishani, na nikaogopa. Lakini usifikiri hofu iliniondolea kinyaa. Vyote viwili vilikaa pamoja, na mikono yangu iliendelea kupanga karatasi.

Ilinichukua nusu mwaka kwenda kwa Mama Feruzi. Nilimweleza yote kwenye meza yake, asubuhi, wanunuzi wakipita: folda, fagio, Déo, kiti nilichokivuta. Nilitaka kueleza zaidi, akaninyamazisha kwa kiganja.

"Sasa unaniambia ili nilale mimi, ao ulale wewe?"

Akampa mnunuzi mmoja chenji yake, akanigeukia tena.

"Mvuvi yule nilimulaani kila siku. Miezi sita. Na muke wake nilikataa kumusalimia. Ulijua, Mwalimu?"

"Nilijua."

"Haya. Ndagala zimeisha."

Beseni lilikuwa limejaa mbele yake, zinang'aa. Nikasema murakoze, nikaenda. Umeniuliza mara nyingi kwa nini nakutuma wewe sokoni wakati napita pale pale kila asubuhi. Ndiyo sababu. Kila ninapopita zimeisha. Baadaye nilisikia kwamba alikwenda mwenyewe Magara kwa mjane wa mvuvi, akakaa naye kutwa nzima. Mimi sikualikwa, wala sikustahili.

Sikuandikii haya ili uogope mashine. Nazipenda bado. Wala usiache kufundisha. Mimi mwenyewe nilijaribu kuacha kueleza, nikawa kama mtu aliyekatwa mguu. Ninachojua sasa ni kwamba siku ile niliyapeleka maelezo kwa mtu asiyehusika. Mama Feruzi alikuja kwangu Jumanne nyingi, na sikuwahi kumwambia kwamba barua yake inabaki. Nilidhani mwanamke wa samaki asiyesoma hataelewa. Angeelewa. Anajua kuliko mimi kwamba kitu kilichotoka machoni hakijatoka nyumbani, yeye anayetafuta harufu ya samaki mmoja aliyeoza chini ya magunia kumi. Kama ungekuwa mwalimu kweli, nilijiambia, ungemfundisha yeye. Angesema, "Basi kiondoe, Mwalimu, mbele ya macho yangu," na ingekwisha.

Kule utakakokwenda, tajiri wako atakuambia mashine zimesafishwa. Huenda anaamini. Mimi pia niliamini, kioo kiliniambia. Fungua mipangilio ya kila mashine usome mwenyewe folda ilipo, kisha uende huko uikute kwa macho, kisha usome fagio lao linakwenda wapi. Ikiwa njia hizo mbili hazifanani, una chumba kama changu. Na ukikuta barua za watu, utatamani kusoma moja tu. Utajipa sababu nzuri. Mimi nilijipa nzuri sana.

Nafika sasa kwenye kilichonifanya nikuandikie karatasi hii badala ya kukuambia kwa mdomo.

Leo asubuhi Déo alikuja sekretaria. Ulikuwa nyumbani unafua. Akapapasa kiti cha mashine ya pili, hakukaa, akasema, "Mwalimu, nasikia binti anakwenda mjini. Lini? Na gari gani? Barabara hii si nzuri, tungemuombea." Nikamwambia mipango haijakamilika, na kwamba leo tunafunga mapema. Akatazama mashine, akanitazama mimi, akasema atarudi kesho kusoma habari kidogo.

Alipotoka nikawasha. Wiki iliyopita ulilalamika kwamba C imejaa na mashine inakokota miguu. Juzi ukasema imepona, na nikafurahi kwamba umeitengeneza bila kuniuliza. Sasa najua ulivyoitengeneza. Umeihamishia folda diski D. Umefanya vizuri sana, kwa ustadi ule ule wangu, na mstari wa pili wa fagio bado unasema C.

Barua ya shemeji yako wa Bujumbura iko pale. Ile anayokueleza gari, jina la dereva, kiti cha nyuma ya dereva, mahali pa kushukia kama barabara itafungwa Muhuta, na nyumba utakayolala. Najua ni hiyo kwa sababu ulitusomea mezani, si kwa sababu nimeifungua. Nililitazama jina lake na namba yake ndani ya mabano. Mkono ulikuwa juu ya kipanya. Sikulifungua. Safu ya mwisho inaonyesha siku uliyolifungua wewe, haijasogea. Hakuna mwingine aliyefika, bado.

Ningeweza kulifuta mimi. Niliamua nisiguse, nikafunga mlango, na tangu hapo hakuna aliyekaa kwenye kiti kile. Kwanza, ni lako. Pili, nataka mkono wako uijue njia ya kwenda pale kabla haujaanza kushika barua za wengine, kwa sababu mimi niliijua siku mbaya.

Ufunguo wa sekretaria nimeuweka ndani ya bahasha hii. Nenda leo, kabla ya magharibi, fungua diski D, uifute folda ile yote.

Baba yako